Kinda Aliyeanguka Bila Kibali

Serikali ya Wilaya ya Nkwantapong inapenda kuutangazia umma, ndani na nje ya wilaya, kwamba kinda mmoja wa kunguru ameanguka, na kwamba hali imedhibitiwa. Wananchi wanaombwa kuendelea na shughuli zao bila hofu.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Asiamah-Donkor, Katibu Msaidizi wa Wilaya, Jumanne saa mbili na robo asubuhi, dakika tisa tu baada ya tukio. Alilibandika mwenyewe ubaoni kwa pini nne, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, na moyo wake ukajaa. Wilaya nyingine zingechukua wiki nzima. Wilaya nyingine zingesema "ndege" tu, bila kutaja ndege gani wala amefanya nini. Alikuwa amelitumikia jalada kwa miaka thelathini na mmoja, na jalada halijawahi kumwaibisha.

Umma wenyewe, kwa wakati huo, ulikuwa mtu mmoja. Maame Takyiwaa, muuza kenkey wa getini, alikuwa amesimama chini ya mwarobaini wa ofisi na kinda kamfunika kwa upindo wa kitenge. Kinda alikuwa ameangukia boneti ya gari la Mtendaji Mkuu, akateleza, akaishia ndani ya beseni la Maame, katikati ya kenkey zake, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa na manyoya machache ya kuazima, tumbo kubwa kuliko kichwa, na mdomo uliokuwa wazi muda wote. Juu kwenye panda ya mti, usawa wa madirisha ya ghorofani, ndugu zake watatu walikuwa wakipiga kelele, na wazazi wao wakilizunguka paa la ofisi kwa matusi ya kikunguru.

"Katibu, nipishe," alisema Maame. "Niweke benchi juu ya meza nimrudishe kwao. Nimeacha chungu motoni."

"Huwezi kumrudisha, Maame."

"Mkono ninao, ndege ninaye, kiota kile pale. Kinachopungua nini?"

"Kibali."

Bwana Asiamah-Donkor alimweleza kwa upole, maana aliamini kwamba mwananchi haelewi kwa sababu hajaelezwa. Mti ulikuwa mali ya serikali, namba kumi na nne kwenye daftari la miti. Kitu kilichojengwa juu yake kilikuwa na sakafu, kuta na wakazi, kwa hiyo kilikuwa jengo. Yeye mwenyewe alikuwa amepekua daftari la majengo tangu mwaka wa uhuru, na kiota hakimo. Kumrudisha mtoto kwenye nyumba isiyo na kibali ni kushiriki kosa.

Tayari fundi wa Idara ya Ujenzi alikuwa ameegemeza ngazi fupi kwenye shina, kopo la rangi mkononi, akiandika maneno yale yale anayoandika kwenye kila ukuta unaochipuka Nkwantapong bila taarifa: SIMAMISHA UJENZI. LETA KIBALI. Aliandika tarehe, akaweka saini, na tone moja la rangi nyekundu likadondoka hadi kichwani kwa kinda.

"Eei! Sasa kunguru atasoma hayo?" aliuliza Maame.

"Kutojua kusoma si kinga mbele ya sheria."

"Kaka yangu," alisema Maame akimtazama kwa huruma, "hivi ulipokuwa mtoto na wewe ulianguka?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda, hivyo Katibu hakulijibu.

Kufikia saa tatu, Kamati ya Dharura ya Viumbe Walioshuka ilikuwa imekaa. Wajumbe walikuwa watatu. Bwana Asiamah-Donkor alikuwa katibu. Bwana Lamptey, afisa mifugo, alikuwa mtaalamu, ingawa utaalamu wake wote ulikuwa wa mbuzi. Bi Dufie, afisa itifaki, mwenye dhamana ya viti vyote vya wilaya, alikuwa mwenyekiti. Kinda aliwekwa mezani juu ya kumbukumbu za kikao kilichopita, akazithibitisha papo hapo kwa muhuri mweupe.

"Kabla ya yote," alisema Bi Dufie, "mgeni apewe maji. Hatuwezi kumhoji mtu koo kavu kama watu wasiolelewa."

Hapo hakuna aliyebisha. Nkwantapong hata waziri akija, hata mkwe mliyegombana naye, hupewa maji kwanza, akanywa, akapumua, ndipo akaulizwa safari yake. Na akishaulizwa hana budi kuitaja kweli, kwa sababu ameshakunywa maji ya watu. Glasi ililetwa juu ya kisahani, na kitambaa cha kufumwa juu yake.

"Msimmiminie!" Maame Takyiwaa alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mtamzamisha!"

Ikaamuliwa kwamba kidole kilicholowana kinatosha kisheria. Bi Dufie akasimama, akakaza kilemba, akasema kwa sauti ya shughuli: "Mgeni wetu, huku kwetu shwari. Mwenye safari ni wewe. Umekuja kwa jambo gani?"

"Kwaa!" alisema kinda. "Kwaa! Kwaa! Kwaa!"

Walimsubiri amalize. Bwana Asiamah-Donkor akaandika: *Mgeni alijibu kwa kirefu.*

"Amesema nini hasa?" aliuliza Bwana Lamptey.

"Ana njaa," alisema Maame.

"Asiye mjumbe anaombwa asichangie," alisema Bi Dufie.

Bwana Lamptey alivaa miwani, akamgeuza mgeni huku na huku. Alisema hakuona pembe wala kwato. Kwa kipimo cha mbuzi, alisema, mgonjwa huyu amekwisha kufa, lakini kwa kuwa ni ndege, bado kuna matumaini. Ukabaki mstari wa jina. Kwetu mtu hupewa jina la siku, na huyu kaja Jumanne, kwa hiyo Kwabena kama ni dume, Abena kama ni jike. Bwana Lamptey akamgeuza tena, akatafuta tena, akavua miwani. Katibu akaandika: *Kwabena/Abena (futa lisilohusika).*

Hapo ndipo Mheshimiwa Boahene-Sarfo alipoingia, na kabla hajaingia ilishaingia sauti yake.

"Nani kalichafua gari langu?"

Mheshimiwa alikuwa Mtendaji Mkuu wa Wilaya kwa kuteuliwa tu, mwezi wa tatu sasa. Jumanne iliyofuata madiwani walikuwa wapige kura kumthibitisha au kumrudisha alikotoka, na tangu tarehe itajwe alikuwa akicheka na kila mtu, hata na watu waliofiwa. Asubuhi hiyo alikuwa amesahau kucheka. Bi Dufie akamwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, huyu ni kunguru. Nana, chifu wetu, na ukoo wake wote, ndege wao ni kunguru. Hawamli, hawampigi, na kwenye fimbo ya msemaji wake kamchonga juu kwa dhahabu."

"Basi?"

"Madiwani nusu ni wa ukoo huo."

"Nusu?"

"Nusu na ushee."

Mheshimiwa akaketi. Akamtazama kinda kwa jicho jipya. Akamnyanyua mpaka usawa wa shavu lake, akageuka kidogo upande ambao mpiga picha angesimama kama angekuwepo.

"Maskini mtoto," alisema. "Huyu ataokolewa. Na nitakayemwokoa ni mimi, kwa mikono yangu hii. Ijumaa. Leteni maturubai, bendi ya matarumbeta, Nana na mwavuli wake, madiwani mstari wa mbele. Mpaka siku hiyo asiguswe na mtu, isije ikasemwa kaokolewa na mwingine."

Bwana Asiamah-Donkor alikohoa. "Na utaratibu, Mheshimiwa? Wa kumpandisha na kumshusha kiumbe mtini? Hatuna mwongozo."

"Andika! Maji, safari, jina, kibali, akidi, vyote viwemo. Katika wilaya yangu sheria haijui mkubwa wala mdogo. Andika nitie saini."

Katibu aliandika vipengele saba kwa dakika ishirini, kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya. Mheshimiwa alisaini bila kusoma, kwa wino wa buluu, na mkia mrefu chini ya jina.

"Ijumaa?" alisema Maame Takyiwaa, ambaye alikuwa bado hajaondoka mlangoni. "Mheshimiwa, mtoto huyu hula kila nusu saa. Kufika Ijumaa mtakuwa mnaokoa manyoya."

"Mama yangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu."

Mheshimiwa akacheka kwa meno yote, akaenda kuandika hotuba.

Kinda aliwekwa ndani ya katoni ya karatasi za kuchapia, na katoni ikawekwa ofisini kwa Bwana Asiamah-Donkor, chini ya ulinzi wake binafsi. Kipengele cha Tano kilisema wazi: katoni haitafunguliwa bila akidi ya kamati. Kipengele cha Sita kilisema mgonjwa atalishwa kwa mujibu wa kifungu cha lishe ya ndege, na kifungu hicho kitatungwa.

Saa nne kinda alilia. Saa tano alilia. Katibu alifungua jalada la mipaka ya mashamba, akasoma ukurasa mmoja mara sita. Saa sita kunguru jike alitua kwenye kizingiti cha dirisha, akainamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja. Hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali apige kelele.

Saa saba sauti ndani ya katoni ikaanza kupungua. Kwanza ikawa fupi, halafu nyembamba, halafu ikawa kama kitu kinachokwaruza karatasi. Bwana Asiamah-Donkor aliogopa. Aliogopa vibaya, kama ambavyo hakuwahi kuogopa hata mwaka ule wakaguzi walipokuja. Aliinuka, akakaa, akainuka. Kitu hiki kidogo kitakufa mbele yangu, aliwaza, na nitakuwa na karatasi zote za kuonyesha kwamba kilikufa sawasawa.

Alifungua dirisha. "Maame Takyiwaa! Niletee chakula cha mchana."

Maame alipanda na madonge mawili ya kenkey, samaki wa kukaanga na pilipili, akaviweka mezani. Alitega sikio kwenye katoni, akamtazama Katibu usoni.

"Maame," alisema Katibu, "mimi nakwenda msalani. Katoni hii hairuhusiwi kukaa bila mtu. Nakuomba uikalie kitako kwa dakika tano. Wala usipande ghorofani, kwenye stoo ya majalada. Dirisha la stoo linatazama kiota moja kwa moja na halina nondo, kwa sababu hakuna mwizi aliyewahi kutaka majalada. Ni hatari."

"Nimekusikia."

"Ufunguo wa stoo ni ule wenye kamba ya kijani."

Akauweka mezani. Kwa miaka thelathini na mmoja shada hilo la funguo halijawahi kutoka kiunoni mwake, hata siku aliyooa.

Alikwenda msalani, na kwa kuwa ni mtu wa taratibu, alikaa huko dakika arobaini. Alisoma tangazo la mlangoni, FUNGA MAJI, mara nyingi sana. Alisikia nyayo zikipanda ngazi, kisha kitu kirefu kikigonga ukuta wa korido. Ulikuwa mwiko wa kusongea kenkey, mrefu kumpita Maame mwenyewe, na kama Katibu angekuwa na macho pale angejua kwamba umefungwa kibuyu kwenye ncha. Lakini macho yake yalikuwa msalani pamoja naye. Halafu mtini pakazuka kelele kubwa ya kunguru, kelele ya watu waliotaka kugombana wakakuta hakuna ugomvi. Kisha pakawa kimya.

Aliporudi, katoni ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, nzito kuliko mwanzo na haina sauti. Kenkey hazikuwepo mezani. Maame alikuwa akifuta mikono.

"Amelala," alisema. "Usimwamshe."

"Siwezi. Kuna Kipengele cha Tano."

"Samaki wako yupo hapo. Kenkey nitakuletea nyingine, zile zimepata safari."

Nje, vichanga vya kunguru vilikuwa vinadai chakula. Bwana Asiamah-Donkor alikuwa mtu wa hesabu, na hakuhitaji kugeuka kujua kwamba asubuhi sauti zilikuwa tatu na sasa ni nne. Hakugeuka. Kunguru wa mtini hawakuwa chini ya idara yake. Aliandika: *Saa nane na dakika kumi. Mgonjwa ametulia. Hasumbui mtu.* Kisha furaha ikamshika, furaha ya mtoto aliyetoroka shule, ikampanda kutoka tumboni mpaka kooni. Na kwa kuwa hakuizoea, alidhani ni gesi.

Jumatano likatoka Tangazo la Pili: hali ya mgonjwa inaridhisha. Bwana Lamptey alikuja kumpima. Kwa kuwa akidi haikutimia, alimpima kwa kuitikisa katoni.

"Kaongezeka uzito," alisema. "Ila hachezi."

"Ni mtoto mwenye heshima," alisema Katibu.

Alhamisi Bwana Lamptey alirudi, akanusa. "Mbona ananuka uchachu?"

"Watoto wote wananuka uchachu."

"Mbuzi hawanuki hivi," alisema Bwana Lamptey, lakini akaandika *harufu ya kukua*, na Tangazo la Tatu likatoka.

Usiseme Katibu hakujaribu. Alhamisi alasiri dhamiri ilimsukuma hadi mlangoni kwa Mheshimiwa, aliyekuwa amesimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya kutokwa machozi.

"Mheshimiwa, ningependekeza kesho katoni isifunguliwe hadharani."

"Kwa nini?"

"Mgonjwa amebadilika."

"Sote tunabadilika, Katibu. Hayo ndiyo maendeleo." Mheshimiwa alifikiri kidogo, akachukua kalamu. "Hilo zuri. Naliweka kwenye hotuba."

Basi Ijumaa ikafika, na mgeni, kama wasemavyo, siku ya tatu mpe jembe. Maturubai yalijaa uwanja. Bi Dufie alikuwa amepanga viti vya plastiki mia tatu, vyeupe kwa waheshimiwa, vya buluu kwa waliobaki. Nana alikaa chini ya mwavuli wake mkubwa, msemaji wake pembeni na ile fimbo ya kunguru wa dhahabu. Madiwani walijaa mstari wa mbele, vitambaa vya sherehe begani. Bendi ilipiga. Gari la zimamoto lilikuwepo pia; maji halikuwa nayo tangu masika, lakini ngazi yake ilikuwa nzima.

Mheshimiwa alihutubia dakika hamsini. Alisema kinda ni taifa, kiota ni katiba, na kuanguka ni utawala uliopita. Machozi yalikuja mahali pake. Kisha akajitanda mwili mzima kitambaa chake kipya cha sherehe, akaikumbatia katoni kwa mkono mmoja, akaanza kupanda ngazi ya zimamoto, bendi ikimsindikiza. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakualikwa.

Alipofika kwenye panda, alikanyaga tawi, akaketi juu yake kama mtu juu ya farasi. Kunguru dume akamkwapua kitambaa begani, kikamvuka chote. Kunguru jike akatua pale nywele zilipomwishia, akadonoa. Mheshimiwa akapiga yowe. Dereva wa zimamoto, mtu asiyeogopa moto wowote isipokuwa ndege, alipoona kivuli cha mbawa kwenye kioo alitia gia ya nyuma na kuondoka na gari, na ngazi ikaondoka na gari. Watu walipiga makofi wakidhani imo kwenye ratiba.

Mheshimiwa alijikaza. Tabasamu likarudi, likiwa limepinda kidogo. Alikata kamba ya katani kwa meno, akaingiza mkono katonini bila kutazama, akanyanyua juu kabisa, kwa Nana na kwa madiwani na kwa vizazi vijavyo, donge la kenkey la siku nne, lenye ndevu za ukungu.

Bendi ikanyamaza, chombo kimoja kimoja. Tarumbeta la mwisho lilijikwaa.

Nyuma ya bega la Mheshimiwa, ukingoni mwa kiota, midomo ilikuwa imefunguka yote kwa pamoja. Diwani mmoja akaanza kuhesabu kwa kidole. "Mmoja, wawili, watatu, wanne. Yule wa nne ana doa jekundu kichwani. Si ndiye aliyeanguka?"

"Ndiye! Ile ni rangi ya Idara ya Ujenzi."

"Sasa kaokolewa nani leo?"

"Kenkey!" alijibu mtu wa viti vya buluu. "Na samaki wake yuko wapi, Mheshimiwa?"

Uwanja ukaangua kicheko. Bwana Asiamah-Donkor hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya mti, jalada kifuani, akimtazama yule wa nne aliyenona kama pakacha, na macho yake yalikuwa yameloa.

"Katibu!" Mheshimiwa aliita kutoka juu. "Ngazi! Leta ngazi!"

"Nimekusikia, Mheshimiwa." Alifungua jalada. "Kipengele cha Kwanza. Hakuna kiumbe atakayepandishwa wala kushushwa mtini kabla ya kupewa maji na kuulizwa safari yake."

"Asiamah!"

"Sheria haijui mkubwa wala mdogo. Saini ni yako, Mheshimiwa. Wino wa buluu."

Watu wakamgeukia Nana. Nana alifikiri, akamnong'oneza msemaji wake, na msemaji akasema, "Nana anasema kaenda nyumbani kwa watu. Apewe maji."

Dirisha la stoo ya majalada likafunguka ghorofani, na Maame Takyiwaa akatokea ana kwa ana na Mheshimiwa. Kati yao palikuwa na urefu wa mwiko.

"Maame! Mungu akubariki," alisema Mheshimiwa. "Shika mkono wangu niingie dirishani, tuyamalize."

"Mkono ninao, mwanangu, dirisha hili hapa," alisema Maame. "Kinachopungua ni kibali."

Akamsogezea kibuyu cha maji kwenye ncha ya mwiko. Jua lilikuwa kali na hotuba ilikuwa ndefu. Mheshimiwa alikunywa yote, na alipomaliza ndipo alipokumbuka amekunywa nini.

"Mgeni wetu," alisema Maame, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya buluu, "huku kwetu shwari. Mwenye safari ni wewe. Umekuja kwa jambo gani?"

"Ndugu wananchi, nimekuja kwa moyo wa huruma, nikiongozwa na—"

Kunguru jike akadonoa.

"Hiyo hotuba, tumeisikia," alisema Maame. "Nimekuuliza safari."

"Nimekuja kwa ajili ya maendeleo ya wilaya yetu na—"

Kunguru dume naye hakuwa nyuma.

"Umeshakunywa maji ya watu, mwanangu. Safari."

"Kura!" Mheshimiwa alilia. "Nimekuja kutafuta kura! Madiwani wenye kunguru wao ni nusu na ushee, basi! Mfukuzeni huyu ndege!"

Kwenye mstari wa mbele nusu na ushee ya madiwani walitazamana. Nana aliinuka, na mwavuli wake ukainuka naye, wakaondoka taratibu bila kuaga.

"Niandike nini?" Bwana Asiamah-Donkor alimuuliza Bi Dufie.

"Andika alivyosema."

Akaandika: *Mgeni alijibu kwa kifupi.*

Palibaki mambo madogo madogo. Kwenye mstari wa jina, kwa kuwa mgeni aliingia mtini Ijumaa, aliandikwa Kofi. Mheshimiwa alipinga kwamba yeye ni Kwadwo, mzaliwa wa Jumatatu, akaelezwa kwa upole kwamba ni siku ya tukio inayohesabiwa. Bwana Lamptey alisimama chini ya tawi, akatazama juu, mahali ambapo kitambaa cha sherehe hakikuwepo tena, akasema safari hii hakuna haja ya kufuta lolote. Fundi wa Ujenzi alionyesha maandishi yake mekundu shinani: mgeni alikuwa amepanda jengo lililosimamishwa, na kibali hakijaletwa. Akidi ndiyo iliyokuwa ngumu. Madiwani walisema wana kikao Jumanne, tena kinachomhusu yeye huyo huyo, kwa hiyo mambo yote mawili yatajadiliwa pamoja, lile la kura kwanza.

Viti vilipokusanywa, Bwana Asiamah-Donkor alikwenda ubaoni na karatasi mpya na pini nne.

*Serikali ya Wilaya ya Nkwantapong inapenda kuutangazia umma, ndani na nje ya wilaya, kwamba kiongozi mmoja amepanda, na kwamba hali imedhibitiwa. Wananchi wanaombwa kuendelea na shughuli zao bila hofu.*

Maame Takyiwaa alisoma mpaka mwisho, beseni kichwani. "Ni vizuri," alisema. "Lakini mpaka Jumanne, kaka, atakula nini?"

Katibu alitazama juu. Kwenye panda ya mti, mwenye doa jekundu alikuwa ameinyoosha shingo yake yote, mdomo wazi, akilidai lile donge lililokuwa bado mkononi mwa Mheshimiwa.

"Kenkey anayo," alisema Bwana Asiamah-Donkor. "Agawane na wenyeji."